Kabuti Lenye Kiraka

Iyunga, Mbeya. Jumatatu, 2 Januari 1956

Mvua. Kituo chetu cha polisi kina vyumba viwili, mahabusu moja, na bati linalovuja mahali pamoja tu: juu ya kitanda changu. Padri wa Tosamaganga alitufundisha kwamba mtu akiishi peke yake aandike kila siku, la sivyo ataanza kuzungumza na kuta. Mimi nimeshaanza kuzungumza na kuta, ndiyo maana nimenunua daftari.

Tangu nihamishwe kutoka Iringa sijasema neno la Kihehe ila ninapoota. Watu hapa wananisalimia "Ugonile", najibu kwa Kiswahili, wanacheka, tunaachana.

Jumatano, 4 Januari

Mvua. Nimekula ndizi.

Alhamisi, 5 Januari

Mvua. Ndizi.

Jumapili, 8 Januari

Leo nimesikia Kihehe!

Askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliorudi kutoka vita vya Kenya wamepiga kambi uwanjani, ng'ambo ya mto. Baada ya misa nilikuwa nafunga viatu, mtu akasema nyuma yangu, "Kamwene." Niligeuka kwa haraka hadi kofia ikaanguka matopeni. Ni Sajini-Meja Liberatus, mtu wa Kalenga, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu mia kwa mara moja. Alinipangusia kofia kwa mkono wake mwenyewe.

Tulizungumza habari za ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mvua kama hizi, kwetu mianzi imeshakatwa ncha na inadondosha, na watu wanakinga asubuhi na jioni. Alisema miaka yote msituni Kenya alikuwa akiota ladha yake. Nikamwambia mimi naota hata inzi wanaoelea juu yake. Alicheka sana. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimchekesha mtu.

Jumanne, 10 Januari

Mama Yudith, mjane wa Kinyakyusa anayetupikia hapa kituoni, ameniona nina furaha. Akawaambia wateja wake wa uji, "Ficheni mbwa zenu, Mhehe leo ana njaa." Nilimwambia mbwa wa Mbeya wamekonda hawafai. Wahehe tunasingiziwa kula mbwa; huu ndio utani wetu kila siku, na nikikosa utani huu siku haijaanza.

Jumapili, 15 Januari

Mtu ameuawa.

Wanawake waliokwenda kuteka maji asubuhi walimkuta mtoni, amenasa kwenye matete: Sajini Filemoni wa kambi ya Keya. Amechomwa singe chini ya mbavu. Mvua ya jana jioni imefuta kila unyayo. Bwana Inspekta alikuja kutoka mjini na gari, akazama matopeni, tukamsukuma, ndipo uchunguzi ukaanza.

Huyu Filemoni aliokoka wakati wa Krismasi, na tangu hapo alikuwa anahubiria watu ambao hawakumwomba. Jana mchana aliingia kilabuni akamwaga pombe ya Koplo Asukile, akisema ni maji ya Shetani. Asukile akamkamata shati mbele ya watu wote akamwambia, "Iko siku utanyamaza." Maneno mabaya kusema siku ambayo mtu atakufa.

Jumanne, 17 Januari

Liberatus alikuja kituoni. Alikuta nimejifunika gunia, maana koti langu la serikali linapitisha maji kuliko chujio. Akanitazama kwa huruma, akavua kabuti lake la jeshi akanivika.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi nitapewa jingine. Mtoto wa watu asife kwa baridi ya ugenini."

Ni zito, la sufu, lilikuwa bado na unyevu wa kufuliwa. Begani lina kiraka cha turubai kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Anasema ni miiba ya Kenya. Nimeandika barua kwa mama nimweleze. Yeye hajui kusoma lakini katekista atamsomea. Nataka ajue kwamba nina kaka huku.

Ijumaa, 20 Januari

Kuna shahidi. Wanawake kisimani wanasema Damari, mke kijana anayekaa kwenye migomba karibu na mto, aliwaambia kwamba Jumamosi jioni alimwona askari wa Keya peke yake majini, anafua nguo mvua inanyesha. Nani anafua mvua ikinyesha? Inspekta amefurahi. Nilimwambia Liberatus naye akasema ni habari njema, ataandaa gwaride la utambulisho yeye mwenyewe.

Jumatatu, 23 Januari

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Nilitumwa kumleta Damari. Nilimkuta anapeta maharage. Ni msichana bado, mumewe yuko Lupa kwenye dhahabu. Aliponiona mlangoni, nimevaa kabuti langu, ungo ulimponyoka. Nilimwambia asiogope polisi. Alitembea nyuma yangu, mbali, njia nzima. Nikisimama, anasimama.

Kambini askari walikuwa wamepangwa mstari mmoja. Kapteni wao alikuwepo, na Inspekta. Liberatus alisimama pembeni na karatasi, akaanza kuita majina kijeshi, kila mtu anaitika "Bwana!" Inspekta alikunja uso. Nadhani gwaride la namna hii haliitwi majina, lakini jeshini mzungu wa polisi ni mgeni.

Liberatus aliita, "Koplo Asukile Mwakatobe!" Asukile akaitika. Palepale Damari akajifunika kanga usoni, akageuka mgongo, akachuchumaa chini matopeni akitetemeka.

"Amemtambua!" Liberatus alisema.

Inspekta akamwinamia. "Ni huyu?" Kimya. "Usiogope, sema. Ni huyu uliyemwona?" Kimya. Hakufunua uso hata kidogo. Alibaki vile mpaka Asukile alipofungwa pingu na kuondolewa.

Asukile alikuwa anapiga kelele, "Mimi simjui mwanamke huyu! Sijapata kumwona!" Hapakuwa na aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini. Nani anatetemeka vile bila sababu?

Jumatano, 25 Januari

Asukile yuko mahabusu yetu mpaka kesi ipangwe. Ukuta mmoja unatutenganisha. Nasikia akigeuka usingizini. Sipendi kulala karibu na muuaji.

Alhamisi, 2 Februari

Mvua.

Jumatano, 15 Februari

Jumatano ya Majivu. Baada ya kanisani nilikaa na Liberatus kwenye gogo mpaka jua lilipochungulia. Huwa ananiuliza habari za Asukile: anasema nini, anakula, amemtaja nani. Namwambia yote. Ni raha kumwambia mtu mambo kwa lugha yako mwenyewe, unaona hata mambo madogo yanakuwa na uzito.

Nilimuuliza kama Filemoni alikuwa rafiki yake. Alisema, "Tulikuwa wote msituni. Alikuwa mtu mzuri kabla ya kuokoka. Baada ya hapo hakujua tena kunyamaza."

Jumanne, 21 Februari

Asukile amesema nami kwa mara ya kwanza. Alisema, "Afande, unakohoa sana. Mwambie Mama Yudith akuchemshie tangawizi."

Muuaji ananihurumia. Tangawizi imesaidia.

Ijumaa, 2 Machi

Niliomba likizo niende Iringa nikamwone mama. Nimenyimwa: mpaka kesi iishe. Katekista ameniandikia kwa niaba yake. Anasema mahindi yamekubali, goti linauma, na huyo kaka wa Kalenga aliyenivika kabuti Mungu ambariki, amemwekea jogoo. Akipita Iringa lazima aje Kihesa ale. Nilimsomea Liberatus. Aligeuza uso upande wa mlima. Nadhani na yeye anamkumbuka mama yake.

Jumamosi, 10 Machi

Mvua kubwa imetoboa bati vibaya. Asukile alisema anajua kuziba, alifanya kazi hiyo kambini Nanyuki. Nilimtoa, akapanda juu, nami chini nimeshika bunduki kama mjinga. Kwa upande ule wa paa, angeruka tu angekuwa kwenye migomba, na mimi nisingempata tena. Alimaliza, akashuka, akaingia mwenyewe mahabusu, akavuta mlango.

"Mbona hukukimbia?" nilimuuliza.

"Nikikimbia, nani tena atasema kwamba sikuua?"

Kitanda changu ni kikavu. Usingizi hauji.

Jumapili, 18 Machi

Siku hizi nakula nje ya mlango wa mahabusu, sahani yangu chini, yake chini. Asukile amekaa jeshini miaka sita bila kurudi kwao. Hajui nani amekufa, nani amezaliwa. Anasema mtu akikaa mbali sana, kwao panakuwa kama hadithi aliyosimuliwa. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka kumwelewa.

Kesi ni mwezi wa tano. Kwa ushahidi wa yule mwanamke na maneno ya kilabuni, Inspekta anasema atanyongwa.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Liberatus aliniletea paja la mbuzi. Alisema kambi itavunjwa mwisho wa mwezi na yeye atapata likizo. "Tutakula jogoo wa mama yako pamoja, mdogo wangu." Nilimwambia sijui kama Asukile aliua kweli. Akaacha kutafuna. "Wewe ni polisi au wakili wake?" Kisha akacheka, akanipiga begani, kwenye kiraka.

Nilimpelekea Asukile nusu ya nyama. Sikumwambia Liberatus.

Jumapili, 8 Aprili

Jambo limetokea leo, dogo kabisa.

Nilikuwa natembea na Mama Yudith kutoka sokoni. Mbele yetu alikuwa msichana mwenye mzigo wa kuni kichwani. Kwenye kona akatokea mzee na mkongojo. Msichana yule alitupa kuni zote chini, akaruka mtaro, akaingia kwenye migomba, akachuchumaa, kanga usoni, mgongo barabarani. Mzee akapita akitazama mbele kama hapana mtu. Alipokwisha kupita, msichana alitoka akaokota kuni zake.

"Ana wazimu?" niliuliza.

"Gwe Mhehe! Wazimu wapi? Ni baba mkwe wake yule. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hakai naye nyumba moja, hamsemeshi, hata jina lake hatamki. Sisi wa kanisani tumepunguza, lakini wengine bado wanashika sana."

"Ni baba mkwe peke yake?"

"Na ndugu zake wa kiume pia. Wote si baba wa mume? Ukisikia tu jina la ukoo linaitwa, unajificha kwanza, unauliza baadaye."

Nilisimama katikati ya barabara. Mama Yudith aliniuliza kama nimekanyaga mwiba.

Jumatatu, 9 Aprili

Nilimuuliza Asukile: una ndugu anayekaa Iyunga?

"Kaka yangu Andendekisye alihamia upande huu nikiwa jeshini. Sijui ni wapi. Sisi tuliletwa kambini, na hata mwezi haujaisha nikafungwa."

"Ana mtoto wa kiume?"

"Isakwisa. Nilimwacha kijana anachunga ng'ombe."

Ndilo jina nililoambiwa la mume wa Damari. "Sasa yuko Lupa, na mke wake ni yule wa gwaride."

 Alishika nondo kwa mikono miwili, akaegemeza kichwa. "Basi yule ni mkwe wangu," alisema taratibu. "Masikini, na mimi nilimkana mbele ya watu."

Mtu atanyongwa kwa sababu mkwe wake ana adabu. Na sisi wote tuliosimama pale, Wazungu, Mhehe, na Keya wa makabila yote, tuliona hatia.

Jumanne, 10 Aprili

Nilikwenda kwa Damari na Mama Yudith, ili asemeshwe Kinyakyusa na mwanamke mwenzake. Manyunyu tangu alfajiri. Alitukaribisha, lakini macho yake yalikuwa kwangu kama jogoo anavyomtazama mwewe.

Mama Yudith alimweleza. Damari alikubali upesi: ndiyo, lilipoitwa jina lile alijificha, angefanya nini? Yule ni baba. Hata hakumtazama sura.

"Basi uliyemwona mtoni alikuwa nani?"

Kimya, kama kule kambini. Mama Yudith akambembeleza. Mwishowe Damari akanyoosha kidole, si usoni kwangu. Begani. Alisema maneno mengi kwa mara moja, na Mama Yudith akaacha kutafsiri. Nilimwambia tafsiri. Akasema sitaki. Nilimwambia tafsiri, mama.

"Anasema, mbona mnamuuliza na nyie mnajua? Kabuti alilokuwa anafua yule askari ni hilo ulilovaa. Aliona kiraka na uzi mweupe. Ulipokuja kumchukua umelivaa, alijua polisi na yule mtu ni kitu kimoja. Akaona akisema, atauawa na yeye."

Nilihisi kabuti limekuwa na uzito wa mtu mzima.

"Na sura yake?"

Damari alisema kwa Kiswahili, mwenyewe, polepole, ili nisikosee. "Ile mrefu. Ile iko naita majina."

Jumatano, 11 Aprili

Sijasema kwa mtu. Nimekaa kitandani, kabuti liko msumarini mbele yangu. Mvua inanyesha na bati halivuji.

Nikisema, Asukile atakwenda zake na Liberatus atanyongwa, na mimi nitarudi kuzungumza na kuta. Nikinyamaza, kila Jumapili mtu ataniambia "Kamwene." Naandika hivi ili nione jinsi jambo hili lilivyo baya likiandikwa. Ni baya.

Alikuja jioni, akasimama nje. "Kamwene, mdogo wangu. Umekuwa kimya." Nilimwambia nina homa. Akasema, "Jifunike vizuri."

Alhamisi, 12 Aprili

Nilimpelekea Inspekta kabuti likiwa limekunjwa. Nilimweleza habari za wakwe mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani natania. Alipoelewa alikaa akajishika paji la uso. Kisha akaenda kambini, nami nyuma yake.

Kapteni alisema Liberatus aliripoti mwezi wa kwanza kwamba kabuti lake limeibwa. Wakamwita mtunza stoo, akasema ni kweli. Inspekta akaliweka kabuti juu ya meza, kiraka juu.

Liberatus aliingia, akapiga saluti, akaliona. Hakumtazama Kapteni wala Inspekta. Alinitazama mimi, akasema kwa Kihehe, ambacho wao hawakukielewa, "Ningekupa blanketi tu."

Kisha akafungua mkanda wake mwenyewe akauweka mezani.

Ijumaa, 13 Aprili

Wamebadilishana. Asukile ametoka, Liberatus ameingia. Ukuta ni uleule.

Asukile aliniaga. Alisema, "Ndaga," yaani asante, akaenda. Anakwenda kwa kaka yake. Nilimwona Damari kwa mbali akiingia kwenye migomba, kanga usoni, kumpisha baba mkwe wake apite. Safari hii nilifurahi kuona.

Jumapili, 22 Aprili

Liberatus amesema sababu, bila kuulizwa, kupitia mlango.

Msituni Kenya walikamata mtu, wakaambiwa wamfikishe kambini. Njiani Liberatus alimpiga risasi akiwa amefungwa mikono. Filemoni aliona. Wakakubaliana waseme mtu yule alijaribu kukimbia. "Miaka yote tulinyamaza, tukala pamoja. Halafu akaokoka. Akasema Jumapili ile atasimama kanisani aungame, amtaje aliyeua. Nikamsihi aungame dhambi zake, aache zangu. Akasema damu haina zangu na zako."

Nilimuuliza mbona alinipa kabuti mimi.

"Nani angelitafuta mgongoni mwa polisi?" Baadaye sana akaongeza, "Na ulikuwa unatetemeka."

Yote mawili ni kweli. Ningependa moja liwe uongo.

Jumapili, 6 Mei

Mvua zimekatika. Baridi imeanza. Sina kabuti. Mama Yudith ametania kidogo tu.

Jumatatu, 14 Mei

Kesi itasikilizwa Iringa. Nimechaguliwa kumsindikiza, maana niliomba likizo. Ndivyo nilivyoipata.

Tulikaa nyuma ya lori, pingu moja, mkono wangu na mkono wake. Kabuti lilikuwa mbele kwenye boksi, ni kielelezo cha mahakama, na sisi wawili tulitetemeka mpaka Sao Hill. Kwenye njia panda ya Tosamaganga, inayokwenda hadi kwao Kalenga, alisimama ili aone vizuri, nikalazimika kusimama naye. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, tayari kuvunwa.  Lori lilipopita alikaa, nami nikakaa.

Jumanne, 15 Mei. Kihesa

Niko nyumbani. Mama amezeeka upande mmoja, upande wa goti. Alinishika uso, akatazama nyuma yangu mlangoni.

"Yuko wapi yule wa kabuti? Jogoo nimemfungia tangu asubuhi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza, "Huyo Filemoni ana mama?" Nikasema sijui. Msimu mzima sikuwahi kuuliza. Mama akatikisa kichwa, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia jogoo akipiga kelele mara moja.

Alimpika. Akafunga ugali na nyama kwenye bakuli, akaweka na kibuyu kidogo cha ulanzi wa mwisho wa msimu.

"Mpelekee."

"Mama, ameua mtu."

"Nimesikia. Na wewe ulisikia baridi, akakuvika. Deni la mtu mwingine sililipi mimi, lakini hili ni langu."

Nilipeleka. Mlinzi alikataa ulanzi, akapitisha chakula. Liberatus alikula polepole akiwa amesimama, hakubakiza, akafuta bakuli kwa kidole. Alinirudishia kupitia nondo. "Kamwene kwa mama," alisema.

Nilirudi na bakuli tupu kupitia sokoni. Iringa nzima ilikuwa inasema Kihehe: wauza mboga, watoto, walevi, mwanamke aliyegombana na mbuzi wake. Nilikuwa nimeisubiri sauti hii msimu mzima. Nilitembea katikati yake na sikuwa na mtu wa kumwambia neno.